Siku Nilipomziba Baraka Mdomo

Kuna harufu moja ambayo wengine wenu hamuijui, na Mungu aendelee kuwalinda hivyo hivyo: harufu ya tetini mpya inayochemka ndani ya sufuria. Si harufu ya chakula, si harufu ya nyumba inayoungua, iko katikati ya hizo mbili, kama mtu aliyepika kandambili akasahau chumvi. Juma lililopita jirani yetu mpya, ambaye amezaa juzi tu, aliweka ya mtoto wake nje juu ya mbabula ya makaa, na upepo wa Bunia, ambao haujawahi kuwa na adabu, ukaniletea harufu ile mpaka mahali nilipokuwa nimekaa na daftari la kemia. Nikafunga daftari. Wenzangu wa darasa la tano humanité, yaani sekondari, watasema mimi sihitajigi sababu ya kufunga daftari la kemia, na wana haki. Lakini siku ile nilikuwa nayo.

Tetini, kwa nyinyi mliolelewa bila kuzibwa, ni ile chuchu ya mpira yenye kishikio cha plastiki, ambayo mtoto ananyonya, ananyonya, na hapati kitu.

Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu Baraka alikuwa na miezi saba, na sauti ya pikipiki iliyong'oka bomba la moshi. Nyumbani tulikuwa wanne: Mama, Koko aliyemzaa Mama, mimi, na hiyo sauti. Baba alikuwa na duka dogo kule Nia-Nia. Siku moja chauffeur mmoja wa lori akatuletea habari kwamba Baba amelazwa, hasimami, na hakuna mtu wa kumpikia hata uji. Mama akafunga mzigo wake siku hiyo hiyo. Ilikuwa wakati wa mvua, na barabara ya Nia-Nia wakati wa mvua ni tope tupu. Lori linaweza kulala pale siku tatu, mpaka abiria wanajuana majina ya wajomba. Koko akasema mtoto mchanga haendi mule. Mama hakubisha. Alimbeba Baraka akapita kwenye tundu la ua wa matete lililokuwa kati ya parsele yetu na ya jirani, nami nikamfuata nyuma.

Jirani alikuwa Mama Neema. Neema, binti yake wa kwanza, alikuwa rika langu, na Mama Neema alikuwa na mwingine mdogo ambaye bado alinyonya. Mama hakutoa maneno mengi. Alimweka tu Baraka kwenye mapaja ya Mama Neema, na Mama Neema akafungua blauzi palepale, mbele yetu wote.

"Huyu ananyonya kama mutu mwenye alitoka kufunga siku makumi ine," alisema.

"Akilia utamusikia?" Mama akauliza.

"Huyu? Ata watu ya Bogoro kule mbali watamusikia."

Mama alicheka, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko. Kesho yake asubuhi alikwenda.

Hivyo ndivyo mpango ulivyokuwa, na hapakuwa na mwingine. Hakuna saa iliyopangwa, hakuna mtu wa kutumwa. Baraka akilia, Mama Neema anatokea kwenye tundu la ua, mtoto wake kiunoni, mikono bado ina povu la sabuni au unga wa muhogo, anakaa kwenye mkeka wetu na kumpokea. Akishamaliza kunyonyesha haondoki. Anamsaidia Koko kuchagua maharagwe, anamsimulia nani ameolewa na nani alistahili kuachwa, ananivuta kichwa katikati ya magoti yake na kunisuka kwa nguvu mpaka nyusi zinapanda. Nikikumbuka vizuri, alinyonyesha robo saa na kukaa saa mbili. Wakati ule sikuona kitu mule. Mimi niliona tu kwamba kutoka masomoni mpaka jioni Baraka yuko mgongoni mwangu, na kwamba mtu mwenye mtoto mgongoni hawezi kucheza nzango.

Nzango, mnaijua: wasichana wanatazamana, wanapiga makofi, wanaimba, wanaruka na kurusha miguu. Mimi nilikuwa na miguu mirefu kuliko akili, na katika mchezo ule hiyo ni zawadi. Wasichana wa avenue yetu walitakiwa kushindana na wa avenue ya chini siku ya posho, yaani Jumamosi, na wenzangu walikuwa wamenitegemea. Baraka, nikimweka chini, alilia. Nikimpa Neema, alilia zaidi.

Katika juma hilo ndipo Tantini, mdogo wa Baba, alipopita kwetu akitoka Butembo. Alikuwa na perike kichwani, nywele bandia za rangi ambayo Mungu hakuiwekea mtu yeyote, na mfuko wa zawadi. Ya Baraka ilikuwa tetini ya bluu.

"Koko, kule Butembo watoto wote wa watu ya maana iko na hii," alisema akiwa anaichemsha.

Koko aliiangalia kwa muda mrefu ndani ya maji. "Mutoto haiko chupa," alisema. "Hatumufunikake na kifuniko."

"Inamutuliza."

"Anatulia juu ya nini? Hajapata kitu. Mutamufundisha uongo na hana ata meno."

"Basi mama yake ataamua."

"Njo ivyo. Mama yake ataamua."

Tetini ikawekwa ndani ya kikombe chenye kifuniko, juu ya kabati, kungojea hukumu ya Mama. Tantini akaenda zake na perike yake. Kwa wakubwa wale wawili jambo lilikuwa limekwisha.

Siku ya posho Koko alikwenda kwenye maombi ya wamama. Nikapanda juu ya bidoni la maji, nikashusha kikombe. Msifikiri sikutafakari. Nilijiuliza maswali mazito kwa muda wa kama sekunde nne. Kisha nikaionja mimi mwenyewe kwanza, kwa ajili ya sayansi. Ilikuwa na ladha ya kifutio. Nikampa Baraka.

Alishtuka. Alinitazama kama mtu anayeulizwa swali kwa lugha ngeni. Halafu mashavu yakaanza kwenda, taratibu, na ukimya uliingia kwenye parsele yetu, mkubwa kiasi kwamba nilisikia kuku wa jirani wakitembea. Nikamlaza kivulini juu ya kikwembe, kile kitenge cha Mama, nikakimbia.

Tulishinda. Nilirudi nimebeba viatu mkononi, nikiwa tayari kumsimulia mtu. Koko hakuwa amerudi. Baraka alikuwa palepale nilipomwacha, macho wazi, anatazama mabati, ananyonya. Nzi mmoja alikuwa anatembea kwenye paji la uso wake, naye hakumjali. Nilimsimulia yeye ushindi wetu wote, na miguu nikamwonyesha. Alijaribu kucheka, tetini ikamtoka mdomoni, na akaanza kuitafuta hiyo badala ya kunitafuta mimi.

Siku zilizofuata niliendelea. Nilikuwa nimevumbua swichi. Nilimchomoa tetini nikisikia ndala za Koko, nikamrudishia akiondoka. Na Koko, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti, alisema mtoto anapata akili. Baraka alikula uji wake asubuhi, alilia mara moja moja, kwa ufupi, na nyumba ilitulia. Haikunijia hata kidogo kwamba mkeka nao ulikuwa mtupu.

Siku ya nne mchana, Mama Neema alitokea kwenye tundu la ua bila kuitwa na kilio chochote. Blauzi yake ilikuwa na mabaka mawili ya maji mbele. Alikuwa ameshaanza kufungua vifungo.

"Leo tena mutoto hajalia. Iko mugonjwa?"

Kisha akaiona. Ilikuwa inakwenda mbele na nyuma kwenye uso wa Baraka, ya bluu, huwezi kuificha.

"Hii ilitoka wapi?"

Sasa nisikilizeni. Kama ningesema nimeiiba juu ya kabati, habari ingefika kwa Koko, na Koko alikuwa na fimbo ya mwanzi aliyoipenda kuliko wajukuu. Mdomo wangu ulienda peke yake, kama kawaida yake.

"Ni Mama njo alituma. Toka Nia-Nia."

Mama Neema aliendelea kuitazama. Jicho lile lilinitisha, nikaona niongeze neno zuri, neno la heshima, kama tulivyofundishwa kuongea na wakubwa.

"Alisema mutoto asikuchokeshe tena."

Niliridhika na neno lile. Mpaka leo nikilisikia kichwani nataka kujificha chini ya kitanda. Mama Neema alifunga kifungo kimoja, kisha cha pili. Alifunga polepole, kama mtu anayefunga nyumba anayohama.

"Ah," alisema. "Iko muzuri. Umuambie aksanti."

Akaondoka. Hakupita kwenye tundu la ua. Alizunguka, akatoka kwa mlango wa barabarani, kama mgeni.

Hakuja tena. Jioni ya siku iliyofuata Baraka aliitema tetini. Mpira ulikuwa umemchosha, alitaka kitu cha kweli. Alilia sauti yake yote. Nilifurahi, nikakaa nikitazama tundu la ua. Nilitazama mpaka kuku wakaingia kulala. Koko alimtembeza, akamwimbia, akampa uji alioutema, naye pia nikamwona anatazama upande ule ule.

"Koko, si umuite?" nikasema.

"Mutu anachokaka. Maziwa ya mutu hatuombake."

Na alikuwa mtu mwenye kiburi chake, Koko; hakwenda.

Kesho yake nilifanya kitu ambacho sijawahi kukiandika mahali popote. Baraka alikuwa ametulia. Nilimfinya pajani. Alinitazama kwanza, kwa mshangao, kwa sababu hakunijua hivyo, kisha akalia. Ng'ambo ya ua Mama Neema alikuwa anatwanga majani ya sombe, tulisikia mchi. Baraka alipolia, mchi ulinyamaza. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nikafika kumi na nne. Kisha mchi ukaanza tena, kwa nguvu zaidi.

Nilijua dawa yake. Ilikuwa sentensi moja fupi, "Ni mimi njo niliiba," na hatua kama ishirini mpaka tundu lile. Nilizifanyia mazoezi zote mbili. Hatua nilifika ya kumi na mbili.

Nyumba ilibaki na watu watatu ambao hawakuwa na habari ya kupeana. Koko alikula mapema na kulala mapema. Maharagwe aliyachagua peke yake, na tulianza kukuta mawe kwenye sahani. Misuko yangu ilifumuka mmoja mmoja, hakuna aliyeirudia. Nilitunga vichekesho, nikamwambia Baraka, naye alinitazama juu ya kile kishikio cha bluu, ambacho Koko, baada ya usiku ule wa kilio, hakukikataza tena, kama mwalimu mkuu. Mimi ambaye kila mtu alisema sinyamazi, nilianza kwenda chooni kuongea peke yangu, ili nisikie mtu.

Mama alirudi juma la tano, amekonda, Baba amepona na amebaki na duka lake. Maziwa yake yalikuwa yamekauka. Baraka hakumjua, alimgeuzia uso, akajificha begani kwangu. Mama aliiona tetini.

"Nani alileta hii?"

"Tantini," nikasema, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli.

Koko alinyoosha mkono aichomoe. Mama akamzuia.

"Mumuache nayo," alisema. "Njo ilimubakilia."

Kisha akachukua kikwembe kipya alichomletea Mama Neema, akapita kwenye tundu la ua. Alirudi upesi sana. Akasimama katikati ya nyumba.

"Amepokea. Ameshukuru. Lakini hakuniambia nikae. Kulipita nini hapa?"

"Alichoka," Koko akasema.

Mimi nilikuwa nachagua mawe kwenye maharagwe. Sijawahi kuchagua maharagwe vizuri kama siku ile.

Mwaka uliofuata jirani zetu walihamia mtaa wa Nyakasanza. Matete yalijaa kwenye lile tundu yenyewe, bila mtu kuyapanda.

Mwaka jana nilimkuta Mama Neema. Anakaanga mikate kando ya barabara, karibu na shule ya msingi anayosoma Baraka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na watu wananiogopa kwa mdomo wangu, lakini nilipita mara tatu kabla ya kusimama. Nilimwambia yote: bidoni, kikombe, nzango, uongo. Alikuwa anageuza mikate kwenye mafuta, hakuacha kuigeuza.

"Kwa hiyo mama yako hakutuma."

"Hapana."

"Na hakusema nimechoka."

"Ni mimi."

Aligeuza mingine. "Alipolia, maziwa ilikuwa inatoka yenyewe," alisema. "Nilikuwa nakamulia ndani ya kikombe, namwaga nyuma ya nyumba. Baba Neema alikuwa mu machimbo mwaka ule, unakumbuka? Sikuwa na mutu wa kusemeshana naye mule ndani. Nilikuwa nakaa pale kwa ua, nangojea mumoja wenu aniite. Ata weye. Ungeniita tu."

Nilitafuta kichekesho. Huwa ninacho kila mara, hata kwenye matanga. Siku ile sikupata. Miaka yote ile niliamini kwamba alikuja kwetu kwa sababu Baraka alilia. Sikujua kwamba mtu mkubwa naye anaweza kukaa nyuma ya matete akitega sikio, akiomba mtoto wa jirani alie kidogo, ili apate sababu ya kuingia.

"Anasoma ya ngapi sasa?" aliuliza.

"Ya tatu."

"Najua," alisema. "Anapitaka hapa."

Ni kweli, anapita kila asubuhi. Anamwambia "jambo mama" kama anavyomwambia mama yeyote wa barabarani, ananunua mikate miwili, anakimbia. Nyumbani nimeshindwa bado kumweleza. Juzi alifungua mfuko mezani mbele yangu, mikate mitatu ndani, akacheka mpaka akashika tumbo: yule mama, anasema, hajui kuhesabu.