Mkeka wa Wajawazito

Nakiri, sikuanza na uongo. Baada ya miaka saba ya ndoa bila mtoto, siku zangu zilichelewa wiki tatu, nikakimbilia kwa mwenyekiti wa kijiji. Hapa Kisanga mjamzito halimi pamba ya ujamaa. Hukaa mkekani kuchambua maharage ya wapalizi. Mwenyekiti akanitangaza, wanawake wakapiga vigelegele.

Siku nne baadaye damu ikaja. Nikalia chooni, nikanawa uso, nikarudi mkekani. Ningeanzaje kuomba jembe? Mwezi mzima nikatafuna udongo na wenzangu, nikalalamikia kichefuchefu kuliko wote, mjinga mimi!

Juzi, chakula kilipoiva, wenzangu waliinuka. Mimi nilibaki, maana nilikuwa nimehisi damu ikinishuka tena.

Mama Hadija, mkunga wetu, akaja kunishika mkono. "Inuka ule, mwanangu."

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa tulishaamkiana asubuhi.

"Marahaba. Inuka."

Nikainuka. Alilitazama doa mkekani, na wote wakalitazama. Hakuna aliyecheka. Akavua kanga yake ya juu, akanifunga kiunoni.

"Kesho njoo na jembe," akaninong'oneza. "Tutapalilia mstari mmoja, mimi na wewe."