Mkaguzi Aliyeambiwa Salama

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Bunda, Bwana Magesa alinikabidhi baiskeli isiyo na breki, akaniuliza kama naweza kuandika haraka. Yeye alikuwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Nikamwambia naandika polepole, ila sisahau mtu aliyesema. Akacheka, akarudi kwenye chai yake. Haikuwa na sukari; miaka ile sukari ilikuwa ya mgao, hata ofisini.

Cheo changu kilikuwa mhudumu wa maendeleo ya jamii, na elimu yangu darasa la nne. Nilizunguka vijijini kuita akina mama mikutanoni na kuandika shida zao. Msimu wa pamba, wanaume wakishalipwa, walikuwaga wanakunywa, na kesho yake wake zao wanakuja ofisini nyuso zimevimba. Hapo ndipo Bwana Magesa alinifundisha andiko la mradi, yaani maombi ya ruzuku ya serikali. "Serikali haitoi hela kwa huruma, Mama Bhoke," alikuwaga ananiambia. "Inataka ione."

Nikahamishiwa Butiama, chini ya Bibi Esteria, Mratibu wa Wanawake. Huyo alinifundisha nguvu za wananchi: kabla hujaomba, kijiji kiwe kimesogeza mawe na mchanga wake. Ukienda mikono mitupu, wanakuona unafanya mchezo.

Biashara zilipoanza kufunguliwa nilipelekwa Mugango, nikawa chini ya Mzee Masatu, Katibu Kata. Huko tukaandika andiko la kuzuia watu kupigana. Tuliomba kamati ya usuluhishi, semina kwenye kambi za wavuvi, na chumba karibu na zahanati ambamo mwanamke aliyepigwa angelala na wanawe bila kufuatwa. Mawe akina mama waliyabeba wenyewe. Ikabaki mkaguzi aje aone.

Mkaguzi alikuwa Bibi Regina, kutoka mkoani. Kijiji kilifagiliwa mpaka njiani, na sato wakakaangwa wakubwa. Wanaume walikaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka nyuma yao. Bibi Regina akawauliza akina mama habari za majumbani. Wakajibu salama. Akauliza kama kuna ugomvi. Wakasema hakuna, wanaishi vizuri tu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Wambura, akaongezea kwamba hapa hata mbwa hawaumani. Watu wakacheka. Mama mmoja alikuwa anagawa ugali kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umefungwa kwa kanga.

Tukishanawa, Bibi Regina akanivuta pembeni. "Nitaombeaje ruzuku ya kuzuia kupigana, kwa kijiji kisichopigana?"

Nikamwendea Mzee Masatu, nimekasirika. Naye akanishangaa. "Ulitaka tumwambie mgeni mambo hayo hata hajala?"

Na kweli, hatukulelewa hivyo. Mimi ndiye niliyekosea kumkalisha mgeni awaulize akina mama mbele ya waume zao. Nikambembeleza Bibi Regina alale kwangu, asipande basi jioni ile.

Asubuhi nikampeleka ufukweni kwenye dagaa walioanikwa. Wanaume wakishavua usiku kwa taa za karabai, asubuhi wanalala. Pale wanakuwa wanawake peke yao. Nikamwambia aache faili, ajifunge kitenge, ageuze dagaa kama wenzake. Akageuza vibaya, wakamtania kwamba huyu kwao wanakula nyama tu. Yule mama wa mkono alikuwa jirani yake. Akaanza kusema bila kuinua macho.

"Dada, jana huu mkono hukuuona?"

"Niliuona."

"Ni wa pili kuvunjwa. Wa kwanza ndio huu ninaogeuzia dagaa."

Kisha mwingine akasema ya kwake, na mwingine, huku dagaa wanageuzwa. Bibi Regina akauliza jina la yule wa kwanza, maana fomu ilitaka.

"Andika mkono," yule mama akasema. "Jina acha. Mume wangu akijua ni mimi, chumba chenu kitanikuta nimeshazikwa."

Fomu ikaenda bila jina, Bibi Regina akaitetea huko mkoani. Ruzuku ilichelewa, ikaja pungufu, lakini chumba kikaezekwa. Mzee Masatu mwenyewe aliingia kwenye kamati. Si wanaume wote walioacha kupiga. Ila wengine walianza kuogopa kuitwa mbele ya kamati. Yule mama alikuwa wa kwanza kulala mle, na wanawe. Hakurudi kwa mumewe. Baadaye akawa anapeleka dagaa Musoma mjini.

Nimestaafu sasa, na ninyi vijana wa miradi mnanifuata hapa nyumbani. Mnasema andiko jipya linahitaji ushuhuda wenye jina, na kwamba mume wa yule mama alishafariki zamani. Majina ya Magesa, Esteria, Masatu, Wambura na Regina nimewapa, na mkitaka ya waliobeba mawe nitawatajia wote. La yule mama ninalo pia. Jumapili tunakaa benchi moja kanisani, na hajaniambia bado kwamba naweza kulitoa.