Mpaka Juu ya Kaunta

Jumatatu nikiwa kwenye foleni ya ofisi ya ardhi mjini Embu, mama mmoja kutoka Mbeere alitoa mmea mzima ndani ya kiondo, mizizi ikidondosha tope, akauweka juu ya kaunta.

"Mama, hii ni nini?" karani akauliza.

"Ni itoka, ile tunapanda kuonyesha mpaka wa shamba. Mama mkwe ndiye alipanda. Maji ya bwawa imefunika shamba yote, nimepata hii ikielea."

Karani alinyoosha mkono aisukume kando, akaurudisha haraka. Ana tai na digrii, lakini ni mtoto wa huku. Anajua anayeng'oa itoka ya mpaka hulaaniwa. Watu tumeiogopa laana hiyo vizazi vyote; maji hayakuiogopa hata siku moja.

"Ngoja maji ishuke, mama. Savea atakuja kupima."

"Hata mwaka jana uliniambia hivyo. Ikishuka kidogo, mvua inarudi, inapanda zaidi." Akapangusa tope kwa leso yake. "Sasa niambie, kijana wangu, niipande wapi?"

Karani akatazama dari. Mama akachukua kiondo chake kitupu, akaiacha itoka pale pale, akaondoka.

Mimi nilijaza fomu yangu nimeinua kiwiko nisiiguse. Kwetu ni Kianjokoma, kule juu mito ya bwawa inakoanzia, na Jumapili tulikuwa tumesimama kanisani kushukuru kwa mvua hiyo hiyo.

Ijumaa nilirudi kuchukua karatasi zangu. Itoka ilikuwa palepale kwenye kaunta. Hakuna aliyethubutu kuitupa, na hakuna aliyejua pa kuipanda.