Mashine Bubu ya Ndeti

Ndeti alipoteza macho akiwa darasa la sita, na tangu hapo hajapenda kuambiwa pole. Mwaka wa 2006 alikuwa mpiga chapa. Wakili Taranjit, mwenye ofisi katikati ya jiji la Nairobi, alisemea hati zake kwenye kanda, na kila Jumatatu kanda hizo zililetwa mtaani Woodley, kwenye vyumba ambavyo Ndeti na mkewe Nzula walipanga nyuma ya nyumba ya zamani ya baraza la jiji. Ndeti alikanyaga pedali ya kinasa sauti kwa mguu. Sikio moja lilimsikiliza wakili, la pili liliisikiliza kompyuta ikimsomea kila neno alilopiga. Hakumhitaji mtu. Ijumaa hati zilikuwa tayari.

Jambo moja lilimkera. Programu ya kumsomea skrini alipewa kihalali na chama cha wasioona, lakini mfumo wenyewe unaoendesha kompyuta ulikuwa kopi ya wizi, kama ilivyokuwa katika kompyuta nyingi za Nairobi. Wengi walijua na wakalala usingizi. Ndeti hakulala. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa hati za kiapo, watu wakiapa kusema ukweli, na alizipiga kwa kitu cha wizi. Mfumo halali wa dukani hakuumudu.

Ndipo Jeremy, fundi wa kompyuta wa ofisi ya wakili, alipomwambia kwamba watengenezaji wa mfumo walikuwa wakialika umma ujaribu toleo jipya kabla halijaanza kuuzwa.

"Ni ya bure na si ya wizi?" Ndeti aliuliza.

"Ni beta, Mzee. Wanataka watu waitumie, waseme iko na shida gani. Utakuwa tester wao."

"Basi futa hiyo ingine yote."

"Yote? Si tuiweke kando kidogo, in case?"

"Kitu ya wizi haiwekwi kando, Jeremy."

Jeremy alifuta. Mfumo mpya ukaingia, programu ya kusoma skrini ikarudishwa, rangi zikamfurahisha Nzula, na kompyuta ikanyamaza kimya. Haikuwa na draiva, yaani ile programu ndogo inayoufundisha mfumo kutumia kifaa fulani. Kadi ya sauti ilikuwa ndani ya sanduku lakini mfumo haukujua kuitumia.

Kwa mtu mwenye macho huo ni usumbufu wa alasiri moja. Kwa Ndeti ulikuwa ukuta pande zote. Ili airudishe sauti ilimpasa apite katika kurasa za mipangilio, na hakuweza kupita humo bila sauti. Kila kitufe alichobonyeza kilifanya jambo, na hakujua ni jambo gani. Alikaa mbele ya kibodi mikono mapajani, akiisikiliza feni ya kompyuta.

Jeremy alijaribu diski ya draiva iliyokuja na kompyuta. Alishika kipanya, akabonyeza hapa na pale, akanung'unika.

"Imeandika nini?" Ndeti aliuliza.

"Vitu tu, Mzee. Imekataa."

Jeremy alituma ripoti kwa watengenezaji. Jibu lilikuja na shukrani: kadi hiyo ni ya zamani, hawana mpango wa kuitengenezea draiva.

Jumatatu kanda zikaletwa. Jumanne wakili akapiga simu.

"Ndeti, mimi nakuheshimu, unajua. Lakini Ijumaa ni Ijumaa. Kuna msichana hapa ofisini anaweza kufanya hii kazi, na nikimpa nimempa."

"Nimekusikia, Wakili."

Jumatano Jeremy alifika na diski kwenye bahasha. "Mzee, hii inarudisha ile ya zamani. Ukimaliza chai, mashine inaongea."

"Umeitoa wapi?"

"Ofisi. Ndiyo iko kwa kompyuta zote huko."

"Za wakili pia?"

"Za wakili, za sekretari, zote. Mzee, hata hizo kesi za wizi zinaandikwa na hii." Akacheka, kisha akaona amecheka peke yake.

"Rudi nayo."

Jeremy hakurudi nayo. Aliiacha juu ya cherehani ya Nzula, akaaga.

Nzula alikuwa akishona sare za shule. Alisimamisha cherehani. "Baba Mutiso, huyo msichana hatauliza mfumo umetoka wapi. Atachukua kazi aende."

"Najua."

"Unajua! Na Mutiso akiitishwa karo shuleni tutamwambia baba yake anajua?"

"Mama Mutiso, kaa hapa unisomee."

"Nikusomee nini? Inasema sauti hakuna."

"Hivyo ndivyo nyinyi hufanya. Mnaniambia inamaanisha nini. Mimi nataka ilichoandika, neno kwa neno, hata ukiona ni upuzi."

Alisema kweli. Sisi wenye macho tukimsomea asiyeona, tunamchagulia. Tunaruka tunachoona hakina maana, kisha tunauita msaada. Huo si msaada, ni kumfanyia mtu uamuzi bila kumwuliza, na sijali kama umefanywa kwa upendo.

Nzula alivuta kiti. Waliweka tena diski ya draiva. Ndeti alitaja vitufe, Nzula akasoma Kiingereza polepole, pamoja na nambari na alama. Alisoma akichoka, alisoma kwa hasira, lakini alisoma. Mwishowe akafika mahali mfumo ulipoonya kwamba draiva hii ni ya toleo la zamani na haijathibitishwa. Je, aiweke hata hivyo, au aiache?

"Kuna majibu mawili?" Ndeti aliinuka nusu kitini. "Kwa hivyo haikukataa. Iliuliza!"

"Hii ya kuacha ndiyo imewekewa alama."

"Na Jeremy akaibonyeza hiyo. Weka hata hivyo."

Kompyuta ilijizima, ikawaka, na spika zikakohoa. Nzula alipiga makofi mara moja, kisha akamwona mumewe amekaza shingo akisikiliza. Sauti ilikuwa ikisoma skrini kuanzia pembeni, kama ilivyofundishwa. Ilisema hii ni kopi ya majaribio, na kwamba itaacha kufanya kazi mwezi wa tano mwaka ujao.

"Hayo yameandikwa wapi?"

"Hapa chini kwenye kona," Nzula alisema. "Yamekuwa hapo tangu siku ya kwanza. Ni maandishi madogo, nikadhani si kitu."

Ndeti hakumgombeza. Alivaa spika za masikioni, akatafuta pedali kwa kidole cha mguu. Kanda ya kwanza ilikuwa kiapo cha mwenye nyumba wa Mutuini. Ijumaa ingewezekana. Mwezi wa tano ungekuja na swali lilelile, na mfumo halali ungekuwa bado dukani.

Nyuma yake alisikia Nzula akiinuka, bahasha ikichakarisha, droo ya cherehani ikifunguliwa na kufungwa taratibu.

Alijua kilichowekwa humo. Mtu aliyekataa kuweka kitu cha wizi kando alikuwa sasa nacho ndani ya nyumba yake, na neno moja lingetosha kukitoa. Hakulisema. Simsifu kwa hilo, ingawa najua lilivyokuwa zito. Alikanyaga pedali, akaanza kupiga chapa.