Kivuli Katika Folda ya Mama Yako

Baba yangu alizaliwa Uvira, mama yangu Fizi, nami nimezeekea Katwe bila kuliona darasa. Andika hivyo hivyo, mjukuu wangu, usinipambe.

Mama yako, binti yangu, alikuwa akipiga picha za harusi na ubatizo, nami nilimkataza kujipiga mwenyewe. "Kamera ni jembe," nilimwambia. "Nani hulima ili ajitazame?" Alicheka, akanitii.

Siku tuliyomzika hatukuwa na picha yake ya kuweka juu ya jeneza. Jana uliandika programu ya kufungua picha zote za folda yake, moja baada ya nyingine, nami nikaketi mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Walipita maharusi, watoto, wachungaji, wote wageni kwangu.

"Nyanya, zimekwisha," ulisema. Nilikuamuru uanze upya.

Mara ya pili nilimwona: kivuli kwenye nyasi, miguuni pa bibi harusi mmoja, ambaye ulisema ni wa Ntinda, viwiko vimeinuliwa kushika kamera. Viwiko vile nilivizaa mimi.

Itunze picha hiyo. Folda usiifute, hata zile picha zilizoharibika. Nawe ujipige picha leo, sikukatazi.