Chaki kwenye Milango ya Buluu

Aibu hii huwa naifungia moyoni, lakini leo mmenibana, basi wacha niwaeleze polepole, na asiwepo wa kucheka kabla sijamaliza (mwisho wenyewe hauchekeshi sana).

Ilikuwa baada ya ule uchaguzi uliozua ghasia, Kibera ikinuka moshi, na shule yetu ndogo ya Mashimoni imefungwa. Watoto wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walishinda ndani, wakiruka kila bati likigongwa mahali. Mimi ni mwalimu, dawa ya hofu ninayoijua ni kazi tu, kwa hivyo asubuhi moja palipotulia niliwatoa uani tucheze mchezo wa maneno ya Kiingereza: nawapa herufi tatu, E, A na R, nao wanitafutie neno lenye zote tatu, hata kama hazifuatani. Ubao sikuwa nao, karatasi ziliisha, ila mfukoni kulikuwa na kipande cha chaki.

Milango mingi pale ilikuwa ya bati, lakini mitatu ilikuwa ya mbao, imepakwa buluu iliyokolea, ubao kabisa! Nikaandika herufi moja kwenye kila mlango, kubwa, ili hata mdogo wa nyuma aone. (Sikubisha hodi. Wenyewe walikuwa wametoka kutafuta unga, nami nikajiambia ni chaki tu, itafutika.)

Watoto walichangamka ajabu. Mmoja akasema "water", mwingine "teacher" huku akininyooshea kidole, na Mutheu, binti wa jirani yangu Mama Mutheu, akafikiri sana kisha akasema "bread", na wadogo wakameza mate, maana mkate tulikuwa tumeusahau. Nikawapongeza, nikawarudisha ndani, nikachukua mtungi kwenda kupanga foleni ya maji.

Sasa mnielewe vizuri. Siku zile alama mlangoni ilikuwa na maana moja: hama, kabla hujachomewa. Na ile milango ya buluu ilipakwa na marehemu mume wa Mama Mutheu, fundi wa rangi, kwa rangi iliyobaki kazini: wake, wa ndugu yake Muli, na wa binamu yao. Wote watu wa Kitui. Sisi wengine tulikuwa wa Magharibi, upande wa pili wa ule uchaguzi. Hata adui aliyekusudia kuwaandika wao peke yao asingefanya vizuri kuliko mimi.

Niliporudi nilikuta magodoro uani, Mama Mutheu anayafunga kamba, na Muli ameshika rungu, anamfokea seremala wetu, Baba Wafula.

"Nani mwingine hapa ana chaki? Si wewe ndio hupimia mbao?"

"Mimi nikuandikie mlango, Muli? Mimi niliyebeba jeneza la ndugu yako?"

"Sema ukweli leo!"

Mtungi ulinitoka mkononi, maji yote chini. "Ni mimi," nikasema, na kwa kuwa hakuna aliyesikia ikabidi nipige kelele. "Ni mimi! Tulikuwa tunacheza Kiingereza!"

"Watu wanachomewa," Muli akasema, "na wewe unafundisha Kiingereza kwa mlango wangu?"

"Si nilikuambia, mama," Mutheu akalia, "ukasema ninyamaze!"

Nami, kwa ile tabia yangu ya kueleza kila kitu, nikaanza kufafanua kanuni za mchezo, ati herufi si lazima zifuatane, mbele ya mtu mwenye rungu, mpaka mama mmoja akapaza sauti: "Ticha, futa tu!" Kitambaa sikuwa nacho. Nikavua shati, nikalichovya kwenye maji niliyomwaga, nikafuta mlango mmoja baada ya mwingine nikiwa na fulana yenye matundu, huku watoto, wakidhani mchezo umeanza tena, wakiita "Bread! Water! Teacher!" Mtu akacheka, kicheko kikaenea, Muli akalaza rungu chini, lakini hakuweza kumtazama Baba Wafula usoni.

Nikadhani yameisha. Mama Mutheu aliendelea kukaza kamba.

"Mama Mutheu, ilikuwa chaki tu. Imetoka."

"Nimekuamini, Mwalimu," akasema taratibu. "Shida si wewe. Nilipoona ile alama sikuuliza mtu. Hapo hapo nilimwona moyoni Baba Wafula akiwa na kiberiti, mtu aliyemzika bwanangu. Sasa nitalalaje karibu naye, na amejua vile nimemdhania?"

Alihama mchana huohuo, akaenda kwa dada yake Kawangware. Godoro lake lilibebwa na Baba Wafula hadi barabarani, na hawakusemezana.

Mambo yalipotulia nilikwenda kuwaona. Nilibisha hodi mpaka majirani wakachungulia. Mama Mutheu akafungua, akatazama mikono yangu kwanza.

"Chaki umeiacha nje?"

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama Baba Wafula hajambo. Nikamwambia hajambo, anawasalimu. Mutheu akaja mbio, amepata neno lingine, anatafuta pa kuliandika, na mama yake akampa kipande cha boksi. "Andika hapo. Si kwa mlango."

Tangu siku ile siweki alama kwenye mlango wa mtu, hata wa kwangu mwenyewe. Nanyi mnaofundisha, msiwanyime watoto mchezo siku mbaya, ndizo siku wanazouhitaji. Ila bisheni hodi kwanza.

Mutheu alikuwa ameandika "near". Akaniuliza kama ni sawa. Nikamwambia ni sawa kabisa, maana yake "karibu", na mama yake akatazama mlango kwa muda mrefu.