Mjomba, Kombora na Mipaini ya Kilolo

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi huko Kilolo, mwanangu, ukungu umelala juu ya mipaini mpaka vilima vikaonekana vinaelea. Nimehama miji mingi tangu hapo, lakini harufu ile ya utomvu bado hunijia usingizini.

Jirani alikuwa amekata safu nzima ya miti yetu mpakani, akidai ni yake. Baba akaapa kuliteketeza shamba lake la miti. Jirani naye akatuma salamu: akiwasha, nami nawasha. Na miti ya mashamba yote mawili ndiyo iliyokuwa ikitusomesha, sisi na watoto wake.

Mjomba, mwanajeshi mstaafu, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mbeya. Alimkuta baba anatafuta kiberiti.

"Kamwene, shemeji," akamsalimu. "Unakwenda kuchoma mahindi?"

"Usinitanie. Leo atanijua!"

"Haya, choma. Ila upepo uuambie uishie mpakani."

Mjomba akaketi kwenye gogo, akasimulia taratibu kama anayeota. Zamani, alisema, vita vilipangwa ili kushinda: unajenga ngome, unapeleka askari, mwenye nguvu anachukua nchi. Bomu la nyuklia likavuruga mipango hiyo. Kombora huvuka bahari kwa dakika chache, wala ukuta hauzuii kitu. Na aliyepigwa bado ana makombora yake aliyoyaficha chini ya maji, naye atayarusha. Basi majemadari wakaanza kupanga namna ya kutopigana. Wakavuta simu hadi kwa adui, wasije wakaangamizana kwa kosa tu.

"Kwa hiyo nikae kimya aendelee kunikatia?" baba akauliza.

"Nani kasema ukae kimya? Nenda mkaongee, maadamu wote wawili mnaogopa. Hofu imewapa muda tu. Kesho mlevi atadondosha kipisi cha sigara, mtaungua bila hata kugombana."

Baba akaenda. Walibishana hadi adhuhuri, sauti zao zikipanda na kushuka ndani ya ukungu. Mwishowe jirani akakubali kuotesha miche mingine, na familia zote mbili zikafyeka njia pana ya kuzuia moto. Marafiki hawakuwa kamwe, mwanangu, sitakudanganya. Lakini miti ilikua, nasi tukasoma.

Ukijiona una uwezo wa kummaliza mwenzako, jua naye anao. Usilewe kuogopwa. Mtafute mzungumze kungali na utulivu, hata kama humpendi.

Mungu akupe ulimi wenye subira, akuepushe na ushindi unaoacha majivu, na wanao wakue kivulini.